Msikilizaji wa Pili

Mama wa Daktari aliingia huku akitabasamu, na hapo ndipo Sista alipoanza kuogopa.

Tangu penzi lijulikane, mama huyo hakuwahi kukanyaga nyumba hii. Alikuwa mwenye duka la vitambaa, mwanamke wa maneno machache na macho mengi, na msimamo wake ulijulikana mtaa mzima: mwanawe hataoa mwanamke anayelala nje. Kulala nje, kwa lugha yake, ndiyo zamu za usiku za wauguzi. Walipokutana njiani alikuwa akiitikia salamu ya Sista huku anamtazama viatu. Leo, mchana kweupe, kaketi kwenye kochi la Shangazi, mkoba mapajani, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa “mwanangu”.

“Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Huli?”

“Nakula, mama.”

“Muongo,” akasema Shangazi kutoka kwenye kiti chake cha karibu na dirisha. “Chai ya asubuhi ile pale, imeota utando.”

Sista alikuwa na jina lake, lakini nani alilikumbuka? Wodini waliita Sista, mtaani wakaita Sista, na sasa hata Shangazi aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni aliita hivyohivyo. Mtu mmoja tu alikuwa na jina lake la pekee la kumwita, naye alikuwa anaingia mlangoni nyuma ya mama yake, amekumbatia furushi la kitambaa kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike.

“Shikamoo, Shangazi.”

“Marahaba, Daktari. Kaa popote. Viti vyetu havina meno.”

Daktari aliketi kwenye ncha ya kiti. Hakumtazama Sista. Sista naye alimtazama kwa niaba ya wote wawili: ile shingo ndefu, zile kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama, ule mshipa wa kando ya jicho unaochezacheza akiwa hajalala. Siku nyingi hawakuonana. Moyo wake haukujua kwamba kuna kesi. Ulimwona mtu wake ukaruka tu, mpumbavu wee.

Mama mtu alifungua furushi mwenyewe. Ilikuwa lesi nyeupe, nzito, ya bei ambayo watu huishika dukani kisha wakaulizia vifungo.

“Hii niliificha,” akasema. “Wateja wameililia, nikawaambia ina mwenyewe. Simama nikupime kwa macho.”

Sista alisimama.

“Nimekaa nikafikiri,” mama akaendelea. “Mimi ni mzazi, na mzazi naye hukosea. Nyie mnapendana. Sasa ninawazuia ili nipate nini? Nimekuja kwa miguu yangu kumwambia Shangazi wako: tufunge hii ndoa. Jumamosi.”

“Jumamosi ipi?” aliuliza Shangazi.

“Hii.”

“Hii ya keshokutwa? Ndugu yangu, hata sare ya shule hushonwa wiki nzima.”

“Gauni halina shida. Fundi nimeshampata.”

Neno fundi lilipotajwa, Daktari akainamisha kichwa. Sista akaketi bila kuambiwa.

Maana kulikuwa na fundi mwingine, fundi wa mapaa, ambaye wakati huo alikuwa amelala hospitalini na mpira kooni, mashine ikimpumulia. Na yote hayo yalitokana na simu moja.

Wodini kwao kulikuwa na utaratibu wa maagizo ya simu. Daktari akiwa mbali na ikabidi atoe agizo la dawa, muuguzi halipokei agizo lile sikioni mwake peke yake. Anaweka simu sauti ya juu, anamwita mwenzake asimame karibu, anarudia agizo neno kwa neno, daktari anakubali, kisha wauguzi wote wawili wanatia sahihi. Huyo mwenzake ndiye anayeitwa msikilizaji wa pili. Ni utaratibu unaochosha, tena wa kuudhi pale watu wanapokuwa na haraka, lakini umeokoa wengi, wagonjwa na wauguzi.

Sasa wewe niambie, ungeiweka vipi sauti ya juu simu inayoanza na “Dozi yangu, umekula?” Ndilo jina hilo la pekee. Dozi. Daktari alisema siku asipoipata hawezi kusimama. Kwa hiyo simu yake ilipoita, Sista aliichukua akatoka nayo ukumbini, akasimama pembeni ya chumba cha mashuka, akaongea huku anachora ukutani kwa kidole. Wenzake walicheka. Hata Matroni, mkali yule, alikuwa akikohoa tu akipita. Na katika maongezi hayo ya mahaba, humohumo, yakawa yanapita na maagizo: huyu muongezee maji, yule mwondolee mrija. Hakuna kilichoharibika, mpaka kilipoharibika.

Jioni ile ya fundi, watu wa kuona wagonjwa walikuwa wameshatoka isipokuwa mke wake, aliyeruhusiwa kubaki kidogo. Fundi alikuwa ameteleza kwenye bati, akavunjika paja, akafanyiwa upasuaji. Alikuwa anasinzia, akizinduka analia maumivu. Sista alimweleza Daktari, baada ya kucheka na kutaniana kwao.

“Mpe morfini nyingine.”

“Ameshachomwa kule upasuaji, mpenzi. Na pumzi zake naziona chache.”

“Mwanaume wa mwili ule? Mpe, Dozi. Huniamini?”

Huniamini! Neno hilo angelisema daktari mwingine yeyote, Sista angesema hapana, siamini, njoo umwone mwenyewe. Alikuwa maarufu kwa hilo. Lakini alilisema yeye, kwa sauti ile ya chini aliyoitumia wakiwa wawili. Sista akaenda akavuta dawa, ile ambayo ikizidi huzima pumzi, akachoma. Baadaye kidogo mke wa fundi aliita, wala hakupiga kelele, aliita taratibu kama mtu anayeona haya kusumbua: “Sista, mbona hapumui?”

Walimrudishia mapigo ya moyo. Macho hakuyafumbua tena. Sista akasimamishwa kazi, na Jumatatu angekaa mbele ya kamati. Alichosomeshwa chuoni alikijua vizuri: agizo la daktari si mwavuli. Ukiwa na shaka ukachoma, mkono uliochoma ni wako. Aliyeagiza ana sehemu yake, aliyetekeleza ana sehemu yake, na hospitali iliyowaajiri wote wawili nayo ina yake. Lakini agizo ambalo halikusikiwa na mtu wa pili ni sawa na mtoto aliyekataliwa na baba. Analea aliyebaki naye.

“Sasa, mwanangu,” mama akaendelea, akasogea mpaka goti lake likagusa la Sista, “ndoa ni kusitiriana. Hiyo Jumatatu yenu, nenda, sema ulichoka. Nani hachoki? Sema ulikosea. Simu ya nini kuitaja? Leseni wakikufungia, utakuwa umekosa nini? Utakuwa mke wa daktari, kwako, umekaa. Yeye akianguka, mtakula wapi nyote wawili?”

“Ohoo,” alisema Shangazi. “Nilikuwa nangoja hiyo lesi inageuka saa ngapi.”

“Shangazi, tafadhali,” Daktari alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi.

“Tafadhali nini? Mimi sijasoma, lakini mtu anayenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa namjua kwa harufu.”

Mama hakukasirika. Hilo lilimtisha Sista kuliko kelele. Mama huyu, ambaye alimfukuza dukani msichana wa kazi kwa kupiga miayo, alikuwa ametukanwa uso kwa uso na bado anatabasamu, huku anailainisha lesi kwa kiganja.

“Naomba niongee na Daktari,” Sista akasema. “Wawili tu.”

Walitoka uani. Kulikuwa na kamba ya nguo, sare zake nyeupe zimeanikwa, amezifua zote kwa kukosa la kufanya. Jua lilikuwa kali lakini upepo ulishakufa, na sare zilining’inia bila kutikisika. Daktari alipitia katikati yake, akamshika mikono.

“Dozi.”

Akaanza kulia papo hapo. Mwanaume mzima, mabega yanapanda na kushuka. Sista alimvuta, akamwekea kichwa chake shingoni, akanusa sabuni ya hospitali kwenye kola. Alitaka kumsamehe kila kitu, hata yale ambayo hajayasikia. Angekuwa na uwezo angesimamisha siku hapo, wasirudi ndani wala wasiende mbele.

“Hulali,” akamwambia.

“Wewe je?”

“Nikifumba macho namsikia mke wake akiita.” Alijitoa kidogo ili amwone uso. “Nijibu kitu kimoja, kisha nitafanya unalotaka. Unakumbuka tulivyoongea?”

“Nakumbuka.”

“Nilikwambia ameshachomwa?”

“Uliniambia.”

“Nilikwambia pumzi ni chache?”

“Uliniambia. Nami nikakwambia umpe. Nakumbuka neno kwa neno, Dozi, usifikiri nimesahau. Nilikuwa nimechoka, nilitaka turudi kwenye maongezi yetu. Hivyo tu. Nilitaka kukusikia ukicheka.”

Hapo moyo wa Sista ulifunguka. Kumbe hakukana! Kumbe yale aliyoletewa na wenzake wa wodini, kwamba Daktari anasema hajui lolote, yalikuwa uvumi. Alimkamata kola kwa mikono miwili.

“Basi twende Jumatatu pamoja. Useme hivyohivyo ulivyosema hapa, nami nitasema langu. Kwamba sikuweka sauti ya juu. Kwamba nilikuwa na shaka nikachoma. Watatuadhibu, sawa. Tutaadhibiwa wawili. Nitakungoja hata wakikufungia miaka, nitafanya kazi ya kufua, sijali mimi!”

Mshipa wa kando ya jicho la Daktari ulicheza.

“Umenisikia?”

“Nimeshaitwa,” akasema. “Juzi. Kamati ilinihoji peke yangu.”

“Wakakuuliza kuhusu simu?”

“Walikuwa nayo tayari. Kwamba nilikupigia, na kwamba tuliongea kwa muda.”

“Ukasema nini?”

Alitazama sare kambani, moja baada ya nyingine, kana kwamba jibu limeanikwa mojawapo.

“Nilisema nilimpigia mchumba wangu kumwuliza kama amekula.”

Sista hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa, na baridi ikampanda kutoka nyayoni jua likiwa utosini. Nani angebisha? Wodi nzima ingeapa kwamba ndivyo. Wangesimama mmoja mmoja, watu wanaompenda, waseme kweli tupu: simu za Daktari zilikuwa za mapenzi, Sista alikuwa akitoka nazo ukumbini, akicheka. Kila mara alipojificha kando ya chumba cha mashuka alikuwa akimwekea huyu mtu ushahidi. Penzi lake lenyewe ndilo lililomtoa Daktari kwenye kosa, likamwacha yeye ndani.

“Wakakuamini,” akasema.

“Wakili alisema nisiongeze neno. Alisema pia...” Akasita.

“Alisema nini?”

“Mama ndiye aliyemtafuta huyo wakili.”

“Alisema nini?”

“Kwamba fundi akifa, hii haitakuwa ya kamati tena. Itakuwa polisi, na mahakama. Na kule mke hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe.” Aliinua uso haraka. “Lakini mimi nakupenda, Dozi! Nilitaka kukuoa kabla ya yote haya, unajua. Ni bahati tu kwamba sasa mama naye...”

“Bahati.”

“Usilichukue vibaya.”

Sista alicheka, kicheko kifupi, cha ajabu hata kwake. Siku ngapi alikuwa ameota mama huyu akija na kitambaa cheupe? Alikuwa amejifunza hadi namna ya kumpokea mkoba. Na amekuja kweli, na kitambaa ni kizuri kweli, na kazi yake ni kumfunga mdomo.

Hata hivyo, msimcheke. Alisimama pale akifikiri kukubali. Alijiona amevaa lesi. Alijiona jikoni kwake mwenyewe, Daktari akirudi jioni, akiuliza kama amekula. Leseni? Ingepotea tu, wangapi wamepoteza. Fundi angeamka, labda, wangapi wameamka. Mtu anayependa hupiga hesabu za namna hiyo na zote zinatoka sawa.

Simu yake ikaita mfukoni. Alikuwa muuguzi mwenzake wa zamu ile, rafiki yake. Alisikiliza. Hakusema zaidi ya “Ndiyo” na “Saa hii?” na “Mke wake yuko na nani?” Aliposhusha mkono, Daktari alikuwa tayari amesoma usoni mwake.

“Fundi?”

“Amekufa.”

Alingoja. Alimpa muda mrefu kuliko unavyostahili kumpa mtu. Alikuwa tayari kwa chochote: aangue kilio, akae chini, amtaje yule mke, aseme Mungu wangu tumefanya nini. Neno moja tu la namna hiyo, na labda, nasema labda, hadithi hii ingekwenda kwingine.

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yamekauka.

“Basi tusingoje Jumamosi,” akasema. “Tufunge kesho.”

Sista aliachia kola yake. Hakujua kwamba alikuwa bado ameishika.

“Nipishe, Daktari.”

Hakuwahi kumwita hivyo wakiwa wawili. Naye akalisikia.

“Unakwenda wapi?”

“Hospitali. Kwa Matroni kwanza, halafu kwa mke wa fundi.”

“Ukamwambie nini mke wa fundi? Umechanganyikiwa? Ukitia neno lolote leo umejifunga mwenyewe, na mimi sitaweza kukutoa. Watakuuliza nani alisikia. Nani alisikia, Dozi?”

“Hakuna.”

“Hakuna atakayekuamini.”

“Najua.”

“Mimi nitakana,” akasema, taratibu, karibu kwa huruma. “Sitaki, lakini nitakana. Nina mama. Nina wadogo zangu wanaonitegemea. Utaniangalia nikikana mbele yako, na utaumia bure.”

Mlango wa uani ulifunguka. Mama mtu alisimama kizingitini, lesi imekunjwa vizuri mkononi, na nyuma yake Shangazi, amejifunga mtandio kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi.

“Nasikia simu, nasikia sauti,” alisema mama. “Vipi, wanangu, mmeelewana?”

Sista alimgeukia Daktari. Na mbele ya macho yake uso ule alioupenda ulijipanga upya. Mshipa ulitulia. Mdomo ukapata tabasamu dogo, la heshima, la mtoto mwema. Hakuna mtu duniani ambaye angeuona na akadhani kuna jambo.

“Tumeelewana, mama,” akasema Daktari. “Yote yamekwisha.”

Sauti ilikuwa tulivu kabisa. Haikutetemeka hata kidogo. Hii ndiyo sauti watakayoisikia, Sista akawaza, kamati, polisi, hakimu, mjane. Nami nitakuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake nikiwa bado nampenda. Hilo ndilo lililomuuma kuliko kifungo, kwamba alikuwa bado anampenda, hapo hapo, na haikusaidia kitu.

Alipita katikati ya sare zake hadi kizingitini. Mama alinyoosha mkono amshike bega.

“Hatujaelewana, mama,” Sista akasema. “Fundi amekufa. Nakwenda kusema tulivyomuua.”

Mkono wa mama ulibaki hewani. Shangazi alimtazama mtoto wake usoni, kisha akasogea pembeni, akampisha apite.